Mafuta Yaliyokosa Ghala: Kwa Nini Kitambi, Presha na Sukari Huongozana

Tuchukue karatasi ya majibu ya maabara ya mwanamume wa miaka 45 anayejiona mzima kabisa. Presha 132 kwa 86. Sukari ya asubuhi kabla hajala, milimoli 5.8 kwa lita. Trigliseridi, yaani mafuta yanayosafiri kwenye damu, 1.9. Kolesteroli nzuri, ile ya HDL, 0.9. Kiuno, sentimita 98. Hakuna namba hapo ya kumshtua mtu. Presha haijafika 140 kwa 90. Sukari haijafika 7, mpaka ambapo mtu huambiwa ana kisukari. Huyu ataambiwa apunguze chumvi, atembeetembee, arudi mwakani. Ataikunja karatasi, ataitia mfukoni na kwenda zake akiwa na amani.

Amani hiyo ndiyo inayonisumbua. Namba zile tano hazikukutana kwa bahati. Kila moja imevuka mstari kidogo tu, na zote zimesukumwa na mkono mmoja. Wataalamu huuita mkusanyiko huo sindromu ya umetaboli, umetaboli ukiwa ni kazi nzima ya mwili ya kupokea chakula, kukitumia na kukihifadhi. Aliye nayo anakabiliwa na hatari ya magonjwa ya moyo na kiharusi takribani mara mbili ya asiye nayo, na hatari ya kisukari cha aina ya pili takribani mara tano.

Mwaka 2009 mashirika kadhaa makubwa ya kisukari na moyo duniani yalikubaliana kipimo kimoja. Mtu anahesabiwa kuwa na sindromu hii akiwa na mambo matatu kati ya matano: kiuno kilichozidi mpaka uliowekwa kwa watu wa asili yake, trigliseridi 1.7 au zaidi. HDL chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke. Presha ambayo namba ya juu imefika 130 au ya chini 85. Na sukari ya kabla ya kula iliyofika 5.6. Maabara zinazotumia miligramu kwa desilita huandika 150 kwa trigliseridi, 40 na 50 kwa HDL, na 100 kwa sukari. Jambo moja husahaulika: anayemeza dawa ya presha, ya sukari au ya mafuta hayo ya damu anahesabiwa kuwa nalo hilo tatizo hata kama dawa imeishusha namba. Dawa imetuliza dalili, chanzo bado kipo palepale.

Wazo lenyewe si jipya. Daktari Msweden Eskil Kylin aliandika mwaka 1923 kuhusu wagonjwa waliokuwa na presha, sukari na jongo kwa pamoja. Mwaka 1947 Jean Vague, daktari wa Marseille, alionyesha kwamba mafuta ya juu ya mwili na ya mapaja hayana madhara sawa. Aliyelipa jambo hili uzito ni Mmarekani Gerald Reaven, ambaye mwaka 1988 alitoa mhadhara akisema kwamba nyuma ya matatizo haya yote kuna usugu wa insulini, yaani mwili kutoisikia vizuri insulini, homoni ya kongosho inayodhibiti sukari. Si kila mtu aliridhika. Mwaka 2005 vyama vya kisukari vya Marekani na Ulaya viliuliza kwa pamoja kama jina hili linaongeza chochote ambacho namba moja moja hazikwishasema. Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba jina linamlazimisha anayesoma karatasi aisome yote kwa mara moja, na huyu bwana wetu wa miaka 45 alihitaji hilo tu.

Ghala likijaa

Ili kuelewa nani yuko hatarini na kwa nini, inabidi tuanze na mafuta yenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Mafuta ya mwilini yakiwa mahali pake hayana ubaya. Chini ya ngozi, hasa kwenye makalio na mapaja, kuna seli ambazo kazi yake ni kupokea ziada ya chakula na kuitunza kwa usalama. Hilo ndilo ghala. Taabu huanza ghala linapojaa, au linapokuwa dogo tangu mwanzo. Mafuta yaliyokosa nafasi hayatoweki. Huenda kuzunguka matumbo, huingia kwenye ini, kwenye misuli na kwenye kongosho, viungo ambavyo havikuumbwa kuwa stoo.

Ushahidi ulionishawishi zaidi unatoka kwa watu wachache sana wanaozaliwa karibu bila seli za mafuta kabisa, hali iitwayo lipodistrofia. Ukimwona mmoja wao utadhani ni mwanariadha: mwembamba, misuli imejichora, mishipa inaonekana. Ndani yake, ini limejaa mafuta, trigliseridi ziko juu kupita kiasi, na kisukari chake ni kikali, kinachohitaji insulini nyingi mno. Hana kitambi wala unene, ila ana matatizo yaleyale tunayoyahusisha na unene, tena makali zaidi. Kisa ni kwamba hana ghala. Kila tone la ziada linamwagikia pasipofaa.

Roy Taylor na Rury Holman, wataalamu wa Uingereza, walipendekeza mwaka 2015 kwamba kila mtu ana kizingiti chake binafsi cha mafuta. Mmoja anaweza kufika kilo 120 ghala lake likiwa bado lina nafasi. Mwingine anafurika akiwa na kilo 68 na suruali inayomkaa vizuri. Ndiyo sababu ndugu wawili wanaokula chungu kimoja wanaweza kuishia tofauti, na ndiyo sababu mtu mwembamba mwenye kisukari hapaswi kushangaza. Hilo halimpi mnene mwenye vipimo vizuri ruhusa ya kulala usingizi mzito, maana wengi wa aina hiyo wakifuatiliwa kwa miaka mingi vipimo vyao huharibika. Ghala lilikuwa kubwa, lakini lilikuwa linaendelea kujazwa.

Sasa rudi kwenye karatasi ya mwanzo na uzitazame namba. Kwa kawaida insulini huliambia ini usiku, “sukari inatosha, acha kutengeneza.” Ini lililojaa mafuta halisikii vizuri, linaendelea kumwaga sukari hadi alfajiri, na sukari ya kabla ya kula inapanda. Ini hilohilo hujaribu kujipunguzia mzigo kwa kufunga mafuta katika vifurushi na kuvisafirisha kwenye damu: hizo ndizo trigliseridi. Vifurushi hivyo vikikutana na chembe za HDL hubadilishana nazo shehena, HDL inabaki ndogo na kuondolewa haraka, kwa hiyo namba yake inashuka. Kongosho nalo, likiona insulini haisikilizwi, huongeza insulini. Insulini nyingi huziambia figo zishike chumvi na huchochea mishipa ya fahamu inayobana mishipa ya damu. Presha inapanda. Kiuno kimekuwa kikionyesha yote hayo tangu mwanzo.

Kongosho linaweza kufidia namna hii kwa miaka mingi. Katika kipindi chote hicho sukari huonekana ya kawaida, kwa sababu inazuiwa na insulini nyingi ambayo vipimo vya kila siku haviipimi. Anayesubiri sukari ipande ndipo aamini kuna tatizo anasubiri kengele ambayo mara nyingi hulia baada ya nyingine zote.

Waliozaliwa na ghala dogo

Vihatarishi vya sindromu hii huorodheshwa sana, na orodha hizo huchosha kwa sababu zinachanganya umri, chumvi, urithi na usingizi kana kwamba ni vitu vya aina moja. Binafsi naona vinaeleweka zaidi ukijiuliza kila kimoja kinafanya nini kwa ghala. Vingine hulipunguza, vingine hulijaza, na vingine huhamisha mzigo kutoka mapajani kwenda tumboni.

Urithi huanza kabla ya yote. Mwenye mzazi, kaka au dada mwenye kisukari cha aina ya pili amebeba sehemu ya hatari hiyo. Asili ya watu ina nafasi yake pia. Wenye asili ya Asia Kusini huanza kupata madhara wakiwa na viuno vyembamba zaidi, kwa hiyo mpaka wao ni sentimita 90 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliazima mipaka ya Wazungu, 94 na 80, hadi takwimu za Waafrika wenyewe zitakapotosha. Kuna jambo jingine ambalo msomaji mwenye asili ya Afrika anapaswa kulijua: kwa watu wenye asili hiyo, trigliseridi mara nyingi hubaki chini hata pale ambapo usugu wa insulini tayari ni mkubwa. Namba hiyo ikiwa nzuri isimtulize mtu iwapo kiuno na presha vinasema vingine.

Kisha kuna maisha ya tumboni mwa mama, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni sehemu ambayo watu wazima hawapendi kuisikia. Katika kaunti ya Hertfordshire, Uingereza, wakunga na wauguzi wa mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wakipima watoto uzito wanapozaliwa na tena wakitimiza mwaka, na kuandika kila kitu kwenye madaftari. Miongo mingi baadaye daktari David Barker na wenzake waliyapata madaftari yale, wakawatafuta watoto wale, sasa wazee, wakawapima. Waliozaliwa na uzito mdogo ndio walioelekea zaidi kuwa na sukari, presha na trigliseridi za juu kwa pamoja. Mwaka 1992 Barker na Nicholas Hales walitoa maelezo yao: mtoto anayekosa lishe tumboni hujengwa kwa ajili ya dunia ya uhaba. Mwili wake hubana matumizi, kongosho na misuli hubaki na akiba ndogo. Akikutana na dunia ya uhaba, atamudu. Akikutana na shibe, ghala lile dogo linafurika mapema. Waholanzi waliokuwa tumboni wakati wa baa la njaa la majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 walipopimwa wakiwa na umri wa miaka 50 hivi, miili yao ilishindwa kuimudu sukari vizuri kama ya wenzao ambao mama zao hawakuipitia njaa ile.

Anayejijua kwamba alizaliwa njiti au akiwa mdogo sana, kisha akanenepa haraka utotoni au ujanani, ana sababu ya kupimwa mapema. Hakuna lawama hapo kwa yeyote, na kwa mama yake kabisa hakuna.

Umri unaendelea pale urithi ulipoishia. Misuli hupungua na mafuta ya chini ya ngozi hupoteza uwezo wa kupokea. Kwa mwanamke, kukoma hedhi kunabadili ramani: homoni ya estrojeni ilikuwa ikiyapeleka mafuta mapajani, na ikipungua yanahamia tumboni, hata kama mizani haijasogea. Wanawake wengi hujilaumu katika miaka hiyo kwamba wamekuwa walafi. Hawajawa. Wenye tatizo la ovari zenye vifuko vingi, na waliowahi kupata kisukari cha ujauzito, wako katika hatari kubwa zaidi, na kwa hao wa kundi la pili nasisitiza: sukari kurudi kawaida baada ya kujifungua hakufuti kilichoonekana. Ujauzito ulikuwa jaribio la kongosho, na kongosho lilionyesha mpaka wake. Wanapaswa kupimwa tena na tena miaka inayofuata.

Kinacholijaza

Chakula kingi kupita mahitaji hulijaza ghala, hilo halihitaji maelezo marefu. Nitasema mawili tu. Vinywaji vya sukari vina ubaya wa kipekee, kwa sababu havishibishi na kwa sababu nusu ya sukari yake hivi ni fruktosi, ambayo sehemu kubwa hushughulikiwa na ini, na ini likizidiwa huigeuza mafuta papo hapo. Pombe nayo hushughulikiwa zaidi na ini. Inaweza kuipandisha HDL kidogo, na wapo wanaojifariji kwa hilo, ila wingi wake hupandisha trigliseridi na presha, na faraja ile haibaki na kitu.

Kukaa kitako ndiko ningependa kukueleza kwa mapana. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa zamu nzima. Kondakta wake, katika basi lilelile, alipanda mamia ya vidato vya ngazi kwa siku akikata tiketi. Madereva waliugua moyo zaidi, na waliouugua walikufa zaidi. Kisha, mwaka 1956, watafiti hao wakafanya jambo ambalo kwangu ni la kupendeza mno: wakayachukua madaftari ya sare za kampuni na kusoma saizi za viuno vya suruali. Suruali za madereva zilikuwa pana kuliko za makondakta wa umri huohuo, hata kwa vijana. Basi ni unene tu? Waliendelea kuchunguza, wakaona kwamba dereva alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kifo cha ghafla kuliko kondakta wa umbo lake, awe mwembamba, wa wastani au mnene. Kutembea kulikuwa na faida yake yenyewe, mbali na kiuno.

Leo tunajua sehemu ya sababu. Misuli ndiyo mtumiaji mkubwa wa sukari iliyoingia baada ya mlo. Msuli unaofanya kazi hufungua milango yake kwa sukari hata bila kusubiri amri ya insulini, na usikivu huo hubaki kwa saa nyingi baada ya kazi kwisha. Msuli uliokaa hubaki umefunga. Saa moja ya mazoezi jioni ni jambo jema, lakini haiwezi kuyafuta kikamilifu masaa kumi ya kiti. Kusimama na kutembea dakika chache katikati ya kukaa huko kuna thamani yake.

Usingizi hudharauliwa kuliko vyote. Mwaka 1999 Karine Spiegel na Eve Van Cauter wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwaruhusu vijana 11 wenye afya njema kulala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, kwa siku sita mfululizo. Ndani ya wiki moja uwezo wa vijana wale kuiondoa sukari kwenye damu ulianguka hadi kufanana na wa mtu aliye njiani kuelekea kisukari, na kotisoli yao, homoni ya msongo, ilibaki juu jioni wakati ilipaswa kushuka. Walipolala vya kutosha hali ilirejea. Sasa mfikirie mtu anayefanya kazi za zamu za usiku miaka 15, au anayekoroma na kukatika pumzi usiku mzima bila kujua. Yule hana wiki ya kurejea. Mwenye presha isiyoshuka, shingo nene na usingizi wa mchana usioisha anapaswa kuulizwa anavyolala kabla ya kuongezewa kidonge cha tatu.

Msongo wa muda mrefu hufuata njia hiyohiyo ya kotisoli, inayopenda kuyapeleka mafuta tumboni. Sigara vilevile: mvutaji anaweza kuwa mwembamba kwa mizani na bado akawa na mafuta mengi ya ndani ya tumbo. Anayeacha huongezeka kilo kadhaa, na hata hivyo moyo wake hunufaika.

Zipo pia dawa. Prednisoloni na wenzake wa jamii ya steroidi zikitumika muda mrefu, olanzapini na klozapini zinazotibu maradhi ya akili, na baadhi ya dawa za zamani za virusi vya UKIMWI, zote zinaweza kupandisha uzito, sukari au mafuta ya damu. Asiziache mtu kwa kusoma makala haya, maana magonjwa zinayoyatibu ni makubwa. Aombe kupimwa kiuno, sukari na mafuta mwanzoni na kila baada ya muda, na aulize kama kuna dawa mbadala.

Futi ya fundi cherehani

Kipimo cha kwanza hakihitaji maabara. Simama wima, vua au pandisha nguo, tafuta kwa vidole ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Futi ipite katikati ya hapo, sambamba na sakafu pande zote, ikigusa ngozi bila kuibana. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani, soma. Wengi hupima pale mkanda unapokaa, na hapo ndipo wanapojidanganya: kitambi kinapokua, mkanda huteremka chini yake, kwa hiyo mwanamume anaweza kuvaa suruali ya saizi ileile kwa miaka 20 na kuapa kwamba hajabadilika. Taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ilishauri mwaka 2022 kwamba kiuno kibaki chini ya nusu ya urefu wa mtu. Mwenye sentimita 170 asifike 85. Mpaka huu haufanani na ule wa 94 na 80, na kwa wanaume wengi wa nusu ya urefu ndio mkali zaidi, lakini ni rahisi kukumbuka na humgusa hata mfupi ambaye mizani humpendelea.

Kilichojaa kinaweza kupungua, na hapa kuna habari ambayo ningetaka yule bwana wa miaka 45 aisikie kabla hajaikunja karatasi yake. Mwaka 2002 matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani yalitolewa, watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufika kisukari. Kundi moja lililenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Katika muda wa takribani miaka mitatu, waliopata kisukari walipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Metformini, dawa ya kisukari, ilipunguza kwa asilimia 31. Ufini ilikuwa imepata asilimia 58 hiyohiyo mwaka mmoja kabla, kwa watu 522.

Asilimia 7 ya mtu wa kilo 90 ni kilo sita na ushee. Akizipunguza atabaki na kitambi, na mtaani hakuna atakayemwambia amekonda. Lakini mafuta ya ini ni ya kwanza kuondoka, hupungua ndani ya siku na wiki chache za kula kidogo, muda mrefu kabla suruali haijalegea. Ini likipunguziwa mzigo huanza kuisikia insulini tena usiku, na namba ya kwanza kuonyesha hivyo huwa ni ile sukari ya asubuhi.